Usiharakishe Kulichuna Gari Lako Ngozi

Msomaji wangu mpendwa, kabla hujaingia ndani ya gari Jumapili hii kwenda kuwaona wakwe, hebu lizunguke mara moja. Litazame jinsi unavyomtazama mtoto anayetoka kwenda shule. Ni sehemu gani ya gari hilo inayochapwa na jua kutwa nzima, inayonyeshewa na mvua, inayorushiwa changarawe na malori, inayochorwachorwa na watoto wa jirani, na ambayo hata kuku huona ni mahali pazuri pa kupumzikia? Si injini, maana injini imefunikwa. Si viti wala usukani. Ni rangi.

Hata hivyo, tunaponunua gari sisi Wakenya huuliza kila kitu isipokuwa habari za rangi. Tunauliza limekwenda kilomita ngapi, linakunywa mafuta kiasi gani, na spea zake zinapatikana Kirinyaga Road au la. Kuhusu rangi tunauliza jambo moja tu: ni nyeupe au ni ya fedha? Halafu miezi michache baadaye, tukiona mikwaruzo miwili mitatu, tunalipeleka gereji na kumwambia fundi alipulize lote "liwe jipya".

Hapo ndipo penye kosa, na ndilo jambo ninalotaka tuzungumze leo.

Nimechochewa na barua ya mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi huko Nakuru. Yeye na mumewe walichukua mkopo wa chama cha ushirika, wakanunua gari lililotoka Japani. Gari lina umri wa miaka saba na injini haina neno. Ila boneti ina vidoa vya mawe, bampa la mbele limekwaruzwa, na mlango mmoja una alama ndefu iliyoachwa na mkokoteni sokoni. Fundi mmoja amewaambia kwamba atalipuliza gari zima, na akimaliza hata wao wenyewe hawatalitambua. Bwana amekubali. Mama anasita, kwa sababu pesa zinazotakiwa ni karo ya kifungua mimba wao ya muhula ujao. Anauliza: "Hiyo rangi mpya itakuwa bora kuliko ya zamani, au tutakuwa tumenunua uzuri wa mkakasi?"

Mwalimu, swali lako ni zuri, na si lako peke yako. Lakini ili jibu likuingie wewe na mzee, twende kwanza kiwandani tukaone gari linavyovishwa nguo yake ya kwanza.

KUOGESHWA, KUZAMISHWA, KUOKWA

Gari linapoanza kupakwa rangi kiwandani halina injini, halina viti, halina nyaya, halina vioo wala magurudumu. Ni bodi tupu ya bati. Liweke hilo akilini, kwa sababu ndilo siri ya mambo yote yatakayofuata.

Kwanza bodi huogeshwa kwa dawa na maji mpaka mafuta yote yaliyoshika kwenye bati yatoke. Kisha hutiwa dawa ya fosfeti, ambayo huacha juu ya bati utando mwembamba wa chembechembe ngumu. Utando huo ndio unaoipa rangi mahali pa kushika. Ukitaka kujua umuhimu wake, jaribu kupaka rangi sufuria iliyong'arishwa halafu uikune kwa ukucha.

Hatua inayofuata ndiyo kubwa kuliko zote. Bodi nzima huzamishwa ndani ya birika kubwa la rangi kama andazi ndani ya karai, na umeme ukapitishwa humo. Chembe za rangi huvutwa na bati kwa nguvu ya umeme. Uzuri wake ni kwamba rangi hufika hata mahali ambapo mkono wa binadamu haufiki: ndani ya milango, ndani ya nguzo zinazobeba paa, katika maungio ya chini ya sakafu. Na pale rangi inapokwisha kushika, umeme hupita kwa shida, basi rangi huhamia pale ambapo bado pako uchi. Mbinu hii ilianza kutumiwa na viwanda vya magari miaka ya 1960, ikaboreshwa miaka ya 1970. Pamoja na bati lililopakwa zinki, ndiyo iliyofanya magari ya siku hizi yasiliwe na kutu upesi kama ya enzi za baba zetu.

Bodi ikitoka birikani huingizwa ndani ya tanuri lenye joto la nyuzi kati ya 160 na 180. Maji huchemka kwa nyuzi 100 tu, kwa hivyo huko rangi haikaushwi bali huokwa. Baada ya hapo kwa kawaida huja praima, inayosawazisha uso na kulikinga lile tabaka la chini lisifikiwe na mwanga wa jua. Juu yake hupulizwa rangi yenyewe unayoiona, nyeupe au nyekundu. Mwisho huja klia, tabaka lisilo na rangi ambalo huleta mng'aro na kuchukua mapigo yote ya jua na mvua. Kisha gari huokwa tena, kwa joto la nyuzi 140 hivi.

Unadhani matabaka hayo yote yana unene gani? Kwa jumla ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita au zaidi kidogo, yaani kama karatasi moja ya mashine ya fotokopi. Klia yenyewe ni kama theluthi moja ya unene huo. Nguo nyembamba hivyo, lakini imekusudiwa kuvaliwa miaka kumi, kumi na mitano, na zaidi.

FUNDI WETU ANA KIKOMO

Sasa turudi gereji. Sisemi kwamba mafundi wetu hawajui kazi. Wako mafundi Kariobangi na Grogan ambao wakikuonyesha mlango walioupaka huwezi kusema uliwahi kugongwa. Lakini gari linapofika kwa fundi limekwisha kuvaa kila kitu. Lina injini, nyaya, plastiki, raba na tangi lenye petroli. Nani atathubutu kuliingiza ndani ya tanuri la nyuzi 140? Hata zile gereji kubwa zenye chumba maalum cha kupulizia, joto lao kwa kawaida huwa kama nyuzi 60.

Kwa sababu hiyo rangi ya gereji ni ya ukoo mwingine kabisa. Ile nzuri huchanganywa na dawa ya kuigandisha, ambayo mafundi huiita hadina. Ile ya bei nafuu hukauka tu thina inapoyeyuka hewani. Rangi yenye hadina, ikiwekwa na fundi makini, kwa vipimo vinavyotakiwa, ndani ya chumba kisicho na vumbi, hudumu miaka mingi. Tatizo ni hayo masharti. Gari likipulizwa kando ya barabara, vumbi linatua juu ya rangi mbichi. Thina ikizidishwa ili kopo moja lienee gari zima, rangi inakuwa nyepesi. Hadina ikipunguzwa ili fundi abaki na faida, rangi haigandi sawasawa. Siku ya kwanza huoni kitu. Gari linang'aa kama kioo nawe unalipa ukifurahi. Mvua na jua za mwaka mmoja au miwili ndizo zitakazokusimulia yaliyotendeka.

Isitoshe, kazi ya kweli ya rangi iko chini ya rangi. Kusugua kwa msasa, kufuta mafuta, kufungua taa na raba za madirisha, kufunika vioo kwa magazeti (pengine hata ukurasa huu utaishia huko), hiyo ndiyo kazi inayokula siku. Fundi anayekuahidi gari zima kwa siku mbili ameamua kuiruka.

Na kuna jambo moja ambalo hata fundi bingwa hawezi kulirudisha. Akilikwangua gari mpaka bati lionekane, huku akikuambia kwamba hiyo ndiyo kazi safi, ameondoa lile tabaka lililowekwa kwa umeme birikani. Hawezi kulizamisha gari lako upya. Ataweka praima ya kupuliza, na akiwa mwangalifu atatumia ile ya epoksi, ambayo ni nzuri. Lakini itabaki kuwa kiraka.

Ndiyo maana nasema, msomaji wangu, rangi ya kiwandani ni kama ngozi. Ukichubuka hutibu mchubuko, huchuni ngozi yote.

KIWANDA NACHO HUKOSEA

Usije ukafikiri kwamba kila kitokacho kiwandani ni dhahabu. Mwanzoni mwa karne iliyopita magari yalipakwa kwa brashi na vanishi, na yalichukua majuma kukauka. Kati ya 1914 na 1925 kampuni ya Ford iliuza Model T zake kwa rangi nyeusi peke yake. Ni mnamo 1923 na 1924 ambapo kampuni za DuPont na General Motors zilileta rangi ya kupuliza iliyoitwa Duco, ikakauka kwa saa badala ya majuma, na hapo ndipo magari ya rangi mbalimbali yalipoanza kuwa ya kawaida.

Wenye umri wangu na zaidi watakumbuka yale magari mekundu ya zamani yaliyogeuka kuwa ya waridi baada ya miaka michache juani. Yalikuwa hayana klia. Jua lilikula rangi yenyewe, ikawa kama chokaa, na ukipitisha kitambaa kilitoka chekundu. Hata hivyo rangi ya namna hiyo ilikuwa na fadhila moja: ukiisugua kwa polishi, tabaka lililokufa linatoka na jekundu linarudi.

Klia ilienea katika viwanda miaka ya 1980. Ilileta mng'aro wa ajabu, lakini nayo ina ugonjwa wake. Ikichoshwa na jua hupauka, kisha hubanduka vipande vipande kama nyoka anayejivua gamba, kwanza juu ya paa, halafu boneti na buti. Ikifika hapo polishi haisaidii. Hakuna cha kung'arisha, kwa sababu kitu chenyewe hakipo tena.

Hata kampuni kubwa zimeaibika. Miaka ya karibuni Toyota yenyewe ilikiri, nchini Marekani na Australia, kwamba rangi ya baadhi ya magari yake meupe hubanduka kwenye bati, ikakubali kuyapaka upya kwa masharti fulani. Chanzo kilikuwa kwamba mwanga wa jua ulilegeza mshiko kati ya lile tabaka la umeme na praima iliyo juu yake. Kwa hivyo ukiona Toyota nyeupe ambayo rangi yake inatoka kwa mapande makubwa, na chini yake panaonekana pa kijivu laini, usimlaumu mwenyewe kwamba hakuitunza. Huenda gari lilizaliwa nao ugonjwa huo.

Wazee wengi husema rangi ya siku hizi ni laini kuliko ya zamani. Maneno hayo yana ukweli nusu. Madini ya risasi yaliyokuwa ndani ya rangi za kale yameondolewa kwa sababu hudhuru watu. Viwanda vingi sasa huchanganya rangi kwa maji badala ya thina ili kupunguza uchafu wa hewa. Vingine, tangu miaka ya 2000, vimepunguza idadi ya mara ambazo gari huokwa. Klia nyingine hukwaruzika upesi. Lakini ukija kwenye vita dhidi ya kutu, gari la leo linalishinda la zamani kwa mbali. Waulize watu wa Pwani waliomiliki magari ya miaka ya 1970 milango yao iliisha vipi.

MAADUI WALIOKO NYUMBANI

Basi ikiwa ngozi hii haiji mara ya pili, tuilinde dhidi ya nani?

Adui wa kwanza ni jua. Nairobi iko karibu na ikweta, tena imeinuka kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na miale inayoua klia huwa na nguvu zaidi mahali palipoinuka. Kivuli ni dawa. Hata kibanda cha mabati manne juu ya nguzo kitakurudishia gharama yake.

Lakini chagua kivuli. Chini ya mti kuna ndege, na kinyesi cha ndege kina asidi. Joto la mchana hulainisha klia, na jioni inapopoa hujikunja pamoja na uchafu ule na kubaki na alama ya kudumu. Usikikwangue kwa ukucha. Weka kitambaa chenye maji juu yake kwa dakika kumi, kisha kifute polepole, siku hiyo hiyo. Wanaoegesha chini ya mijakaranda ya Nairobi mwezi wa Oktoba na Novemba nao wanajua maua yale yanavyonata. Yaondoe kabla hayajakaukia hapo.

Ndugu zetu wa Mombasa, Kilifi na Lamu wana adui wao wa pekee, hewa ya chumvi. Kwenu ninyi maji safi ndiyo dawa, na myamwage hasa chini ya gari na ndani ya matao ya magurudumu, mahali ambapo macho hayafiki lakini kutu hufika.

Adui mwingine, nasikitika kusema, ni yule anayelipenda gari kupita kiasi. Unamjua. Kila asubuhi yuko nje na kitambaa kikavu, anapangusa vumbi. Vumbi la barabara zetu ni mchanga uliosagika, na kitambaa kikavu juu ya mchanga ni msasa. Ndiyo maana ukilitazama gari lake juani unaona mikwaruzo midogo inayozunguka kama utando wa buibui. Mwagia maji kwanza, vumbi literemke lenyewe. Halafu tumia sponji laini na ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia sponji. Anza juu, malizia chini, na usioshe gari lililo moto juani. Sabuni ya unga ya kufulia huondoa waksi yote uliyopaka, na parafini ambayo wengine hupaka ili gari ling'ae hukusanya vumbi tu. Afadhali upake waksi ya gari kila baada ya miezi mitatu hivi.

Mafuta ya breki yakimwagikia rangi, acha kila kitu uyamwagie maji mengi mara moja, kwa sababu yanaila.

Na vile vidoa vya mawe kwenye boneti? Hapa ndipo wahenga waliposema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kidoa kilichofika kwenye bati hupitisha maji, kutu huanza, hutambaa chini ya rangi nzima na kuinua malengelenge. Nunua kichupa kidogo cha rangi inayolingana na gari lako, safisha kidoa, uzibe kwa ncha ya kijiti au brashi nyembamba. Ili upate rangi yenyewe hasa, tafuta namba yake kwenye kibati cha gari, ama katika nguzo ya mlango au chini ya boneti. Kwa Toyota tazama penye herufi C/TR. Kwa mfano 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi, na 1F7 ni ya fedha.

UKIENDA KUNUNUA

Rangi ya kiwandani ina kazi nyingine ambayo wengi hawaijui. Ni shahidi. Gari linaloingia Kenya likiwa limetumika halipaswi kuzidi umri wa miaka minane kwa mujibu wa kanuni za KEBS. Katika umri huo, gari lililotunzwa bado linastahili kuwa na rangi yake ya kwanza. Kwa hivyo ukikuta la miaka saba linang'aa kana kwamba limetoka dukani jana, usishangilie kwanza. Uliza.

Nenda mchana, kukiwa na jua. Usikague gari usiku wala wakati wa mvua, kwa sababu maji huficha kila kitu. Simama kwenye kona ya nyuma uangalie ubavu wote hadi mbele. Rangi ya kiwandani mara nyingi ina vijibonde vidogo kama ganda la chungwa, na vijibonde hivyo hufanana kutoka mlango hadi mlango. Ukiona mlango mmoja ni laini kuliko wenzake, au una weupe wa namna nyingine, huo umepakwa upya. Pitisha kidole kwenye raba za madirisha na pembeni mwa taa ukitafuta rangi iliyorukia pasipo pake. Fungua boneti utazame bolti zake na za mabawa. Kama rangi ya vichwa vya bolti imechubuka, zimewahi kufunguliwa, na kuna sababu.

Chukua sumaku ndogo uifunge ndani ya leso. Kwenye bati lenye rangi ya kawaida itashika. Kwenye bati lililojazwa fila itashika kwa ulegevu au isishike kabisa. Lakini ujue kwamba bampa ni plastiki, na baadhi ya boneti ni za alumini, huko sumaku haiwezi kukuambia lolote. Siku hizi pia kuna kipimo kidogo cha mkononi kinachosoma unene wa rangi. Kikisoma kati ya milimita 0.10 na 0.18 hivi, hali ni ya kawaida. Kikipita 0.30 mahali pamoja, hapo pamepulizwa tena. Kikifika milimita nzima, chini yake kuna fila, na chini ya fila kuna hadithi ambayo muuzaji hajakusimulia.

Kupakwa upya si dhambi. Bampa lililokwaruzwa haliui mtu. Lakini nguzo iliyonyooshwa baada ya ajali na kufunikwa rangi ni jambo jingine, maana hiyo ndiyo inayobeba paa juu ya vichwa vya watoto wako. Uliza, na jibu likiyumba, ondoka na pesa zako.

IKIBIDI KUPULIZA

Zipo siku ambazo hakuna budi. Klia imebanduka, mlango umegongwa, kutu imeshika. Basi paka sehemu ile tu iliyoumia, usilipake gari zima. Mpe fundi namba ya rangi, usimwachie abahatishe kwa macho. Akuonyeshe kopo la hadina na akueleze kipimo chake. Na usimharakishe.

Ukiamua kubadilisha rangi kabisa, kutoka nyeupe hadi buluu, kumbuka kuijulisha NTSA ili kumbukumbu za gari zirekebishwe. Polisi akikuta gari la buluu na stakabadhi zinasema nyeupe, utaeleza mengi.

Mtazame pia fundi mwenyewe. Hizi rangi za hadina zina kemikali zinazoweza kumletea pumu ya maisha anayezivuta. Kitambaa alichojifunga puani hakizuii kitu, na kinachotakiwa ni barakoa maalum ya kazi hiyo. Usiwapeleke watoto gereji wakatazame rangi ikipulizwa. Na ukimwona kijana anayepuliza kutwa bila kinga, mwambie mkubwa wake. Mng'aro wa gari lako usinunuliwe kwa mapafu ya mtoto wa mwenzio.

Sasa mwalimu wangu wa Nakuru, jibu lako ni hili. Vidoa vya boneti vizibeni wenyewe kwa kichupa kimoja, mchana mmoja, wewe na mzee mkisaidiana. Bampa ni plastiki, halishiki kutu, linaweza kungoja mpaka mkopo upungue. Alama ya mkokoteni mlangoni, ipitishieni ukucha polepole. Kama ukucha haukwami, iko kwenye klia tu, na fundi wa polishi anaweza kuififisha. Kama unakwama na bati linaonekana, mlango huo pakeni, huo mmoja. Paa, mabawa na milango mitatu iliyobaki, mkono wa mtu usiviguse. Vimevaa nguo ambayo mkopo wenu wote hauwezi kuwanunulia tena.

Mwonyeshe mzee ukurasa huu baada ya chakula, akiwa ametulia. Kisha kalipeni karo.